Anti, namchokoza mchumba wangu nione kama atanipiga

Anti shikamoo. Naomba usitaje jina langu tafadhali. Nina miaka 29, nina kazi yangu, sina mtoto, na nina mchumba ambaye kila anayemjua ananiambia dada umepata. Harusi iko karibu, kadi zimeshaanza kugawiwa, na mi ndo niko hapa usiku nakuandikia wewe badala ya kulala.

Nianzie nyumbani maana huko ndo kwenye shida. Baba alikuwa anampiga mama. Sio kofi la mara moja moja la kusema shetani kampitia, alikuwa anampiga kweli kweli, na sisi watoto hakuwahi kutugusa hata siku moja, ndo maana mpaka leo naona aibu kulalamika maana sikupigwa mimi. Nilikuwa najua usiku utakuwaje kwa viatu vyake tu. Akivivua mlangoni akavipanga, tumepona, tutalala. Akiingia navyo mpaka sebuleni namshika mdogo wangu wa kiume mkono tunaenda chumbani, namfunika shuka gubigubi, afu namwambia tuimbe teboli, ya mbili, ya tatu, ya nne, kwa sauti, ili asisikie. Asubuhi mama anatuandaa shule kama kawaida, jicho limevimba, na hakuna anayesema kitu. Lakini Anti nikuambie ukweli, vipigo vyenyewe sio nilichokuwa naogopa zaidi, ni zile siku za katikati ambazo baba amenuna tu haongei, unajua itakuja ila hujui lini.

Sa hivi baba ni mzee mtaratibu anayeheshimika, anambeba mjukuu wake mgongoni, watu wanasema baba yenu ana upendo jamani. Mama ukimgusia ya zamani anakuwa mkali, anasema yalishapita na mambo ya ndani hayaanikwi.

Sasa huyu mchumba wangu ni mpole. Akikasirika hafoki, ananyamaza, anaingia jikoni anaosha vyombo, baada ya muda anarudi tunaongea. Kwa mwanamke mwingine hiyo ni baraka. Mi akinyamaza tumbo linanikata. Naanza kumchokonoa, sema basi, mbona kimya, unapanga nini, nafukua mambo ya mwaka juzi, nawasema ndugu zake, yani natafuta kabisa pale panapomuuma. Kuna sauti ndani yangu inasema acha, na nyingine inasema ngoja tuone, leo atajionyesha. Hajawahi kujionyesha. Juzi kati hapa akawa ananiambia taratibu tu kwamba tuongee kesho, nikamzaba kofi. Akashika shavu, akaniangalia, akatoka nje akakaa kwenye ngazi. Na unajua nilisikia nini Anti? Nilisikia nafuu. Mwili wote ulilegea, nikalala fofofo. Hicho ndo kimeniogopesha kuliko kofi lenyewe.

Kesho yake amenisamehe, akaniuliza kwani kwenu palikuwaje wewe, nikamwambia pa kawaida tu.

Na la mwisho, huyo mdogo wangu niliyekuwa namuimbisha teboli ana mke sa hivi na mtoto wa miaka 4. Wifi alinitumia picha ya mkono wake una alama za vidole, dakika mbili baadaye akaifuta. Nilipompigia mdogo wangu akanijibu, mbona baba na mama wako pamoja mpaka leo. Mama anamwambia wifi avumilie na mimi nisiingilie ndoa ya watu. Wifi mwenyewe anasema afadhali mtoto huwa amelala. Lakini mi yule mtoto nimemuona, mlango ukibamizwa na upepo anaacha alichoshika anaenda kujibana nyuma ya kochi. Halii. Anaenda tu.

Shangazi yetu, dada yake baba, anasema ukoo wetu una damu ya hasira, mtoto wa nyoka ni nyoka. Je Anti ni kweli? Nivunje uchumba kabla sijamharibu mtu wa watu? Nimwambie? Na kwa mdogo wangu ninyamaze kama mama anavyotaka? Naomba usinihukumu.

*

Marahaba mdogo wangu. Nimeisoma barua yako usiku, nikairudia asubuhi, na kitu cha kwanza nilichofanya ni kusema pole, kwa wewe wa leo na kwa yule binti aliyekuwa anaimbisha teboli na yeye mwenyewe anasikia kila kitu, maana uliziba masikio ya mdogo wako ila ya kwako hakuna aliyeyaziba.

Ngoja nikuambie nilivyokuelewa, nikikosea utanisahihisha. Umekulia kwenye nyumba ambayo mama alikuwa anapigwa, umempata mtu ambaye hapigi, na badala ya kutulia umekuwa unamsukuma apige, mpaka ikawa wewe ndo umepiga. Hapo hapo unaona nyumba ya mdogo wako inakuwa ile ile mliyotoka, na wakubwa wote wanakuambia nyamaza. Umeyafunga yote kwenye furushi moja na juu yake ukaandika damu. Mi nataka tulifungue, sidhani kama yaliyomo ni kitu kimoja.

Tuanze na hiyo aibu ya kusema sikupigwa mimi. Mtoto hahitaji kuguswa ndo aumie. Mwaka 2011 watafiti wa London waliwaonyesha watoto picha za nyuso huku wakipima ubongo wao kwa mashine, na waliotoka kwenye nyumba zenye ukatili, wakiona uso wenye hasira, sehemu za ubongo zinazohusika na kunusa hatari zilikuwa zinaamka kuliko za watoto wenzao, kwa namna ile ile iliyokuwa imeshaonekana kwa askari waliotoka vitani. Na hawakuwa wagonjwa wa akili hao, walikuwa watoto wa kawaida ambao vichwa vyao vimejifunza kazi. Wewe ulijifunza kusoma viatu. Ilikuwa akili nzuri sana kwa mtoto, ilimfikisha mdogo wako chumbani kabla mambo hayajaanza. Shida ni kwamba umetoka kwenye ile nyumba na akili ile umetoka nayo, na sasa inamsoma mtu anayeosha vyombo.

Umeandika mwenyewe kwamba siku mbaya zilikuwa zile za kununa, unajua itakuja hujui lini. Kwa mwili wako kimya ni kungojea. Kipigo kikishakuja, kwa vile kinavyotisha, kungojea kunaisha, na kesho inakuwa na utulivu kidogo. Sasa mchumba wako ananyamaza, kungojea kunaanza, na wewe ni mtu mzima leo, una uwezo ambao zamani hukuwa nao, wa kuileta ije sasa hivi iishe. Kwa hiyo ile nafuu iliyokutisha, mi sioni kwamba ni raha ya kumuumiza mtu. Naona kungojea kuliisha, hata kama aliyepiga ulikuwa wewe. Naweza kuwa nimekosea, wewe ndo unajua ndani, lakini jaribu kulivaa hilo uone kama linakutosha.

Ila kuelewa sio kusamehe kofi, na hapa naomba univumilie. Ulimpiga. Umeandika mchumba wangu amenisamehe ukaenda mstari mwingine haraka haraka. Je, umemuuliza kama anakuogopa? Liogope hilo swali lakini uliulize. Maana kwenye barua nzima umeniambia yeye ni mpole, na mi najiuliza upole wake unaujua kiasi gani, je ananyamaza kwa sababu ametulia, au na yeye kuna nyumba aliyotokea ambayo kunyamaza ndo kulikuwa kupona? Huyo mtu umemfanya kama kipimo tu, atapiga hatapiga, na wakati huo yeye ana mambo yake anayoyabeba kwenye zile ngazi.

Sasa hii ya damu. Shangazi yako nimheshimu kwa umri wake lakini hapana. Baba yako alikuwa anampiga bosi wake? Alikuwa anawapiga majirani? Nyie watoto hakuwahi kuwagusa, umesema. Hasira inayojua nani wa kumpiga na nani wa kumuacha, na mlango ufungwe kwanza, hiyo ni kitu mtu anachagua. Na kinachochaguliwa kinaonwa na watoto, wanajifunza. Kuna majaribio maarufu ya mwanasaikolojia Albert Bandura kule Marekani, mwaka 1961, watoto wadogo walimtazama mtu mzima akilipiga lisesere kubwa, ngumi, nyundo, na maneno juu, walipoachwa nalo wenyewe wengi wakafanya vile vile, hata maneno yale yale. Lakini mi huwa nalipenda zaidi la baadaye, la 1965. Watoto walioona yule mtu mzima akiadhibiwa kwa kupiga waliiga kidogo kuliko wenzao, ila walipoahidiwa zawadi wakionyesha alichofanya, tofauti ikaisha, walikuwa wanajua sawa na wenzao. Maana yake waliyabeba, kilichowazuia ni kuona kwamba kuna matokeo. Nyumbani kwenu matokeo yalikuwa nini? Mama anaandaa watoto shule. Mdogo wako alikuwa chini ya shuka, akasikia, asubuhi akaona hakuna anayesema kitu, leo anakujibu mbona wako pamoja mpaka leo. Hiyo sentensi haijatoka kwenye damu mdogo wangu, imetoka kwenye zile asubuhi.

Na jambo moja watu hulisahau, watoto wengi waliokulia kwenye nyumba hizi hawaji kupiga mtu. Hatari kwao ni kubwa kuliko kwa wengine, hilo siwezi kukuficha, ila wengi hawafiki huko. Wengine wanakuwa watu wa kukubali kila kitu ili mradi pasiwe na kelele, wengine wanawakimbia watu wazuri, wengine wanachelewa kuamini. Wewe umeangukia kwenye kuchokoza, na umeanza kupiga, lakini pia umekaa usiku ukaandika, na baba yako sijui kama kuna usiku alimwandikia mtu.

Tuje kwenye uchumba. Unaweza kuvunja. Utamwepusha yeye na kofi lingine, hilo ni kweli, na harusi kuvunjika sio msiba hata kama kadi zimetoka. Lakini kule kungojea utaenda nako mpaka kwa mwingine, au utakaa peke yako ukidhani umepona kwa sababu hakuna wa kukuchokoza. Unaweza kuendelea na harusi kama ilivyopangwa, na hapo wasiwasi wangu ni kwamba sherehe haibadilishi kitu kwenye mwili, afu ndoa inaleta uchovu, madeni, mtoto analia usiku, na kuwa mzazi huwa kunawarudishia watu utoto wao hata waliodhani wameusahau. Unaweza kusogeza mbele. Watu wataongea, mama atachukia, gharama zingine hazirudi, ila unapata nafasi ya kuanza kumuona kaunsela anayeelewa mambo ya watu waliokulia kwenye ukatili, wewe peke yako kwanza. Ushauri wa nyie wawili pamoja nao upo, lakini subiri jibu la lile swali la kukuogopa, kwa sababu mtu anayemuogopa mwenzake hawezi kusema ukweli akiwa amekaa naye kochi moja. Mimi siwezi kukuchagulia kati ya hizo, na pia sio uamuzi wako peke yako, yeye naye ana haki ya kuamua akiwa anajua anachoamua.

Ndo tunafika kwenye kumwambia. Alikuuliza kwenu palikuwaje ukasema pa kawaida. Naelewa, mama amekufundisha hayaanikwi, na mama hakukufundisha kwa ubaya, inawezekana kunyamaza ndo kulimuweka hai. Lakini hii stori ni yako pia, ulikuwepo. Ukimsimulia hatari zipo mbili. Moja ni kwamba anaweza kushtuka, au siku ya ugomvi akakurushia, wewe ni kama baba yako, na ukiona anatumia hivyo utakuwa umejua kitu muhimu kuhusu yeye. Ya pili iko kwako, kwamba uisimulie ili kofi lionekane dogo. Kama utasema, mi ningetenganisha, siku moja uongee kuhusu kofi tu, nilikupiga, hukustahili, bila lakini, na siku nyingine umsimulie viatu. Afu mkubaliane kitu cha kawaida kabisa kwa zile siku za kimya, labda kabla hajaingia jikoni akuambie nimekasirika, narudi saa tatu tuongee, na kweli saa tatu arudi. Kwa mtu mwingine huo ni utoto. Kwa wewe, kimya chenye saa ya kuisha ni kitu ambacho hujawahi kukipata. Na tumbo likianza kukata, toka wewe ukatembee, usimfuate jikoni.

Baba yako sitamsema sana. Inawezekana amebadilika kweli, inawezekana amechoka tu, uzee nao unapunguza nguvu za mkono. Tofauti mara nyingi iko kwenye kama amewahi kumwambia mama au nyie kwamba nilifanya hivi na ilikuwa makosa. Huna lazima ya kumsamehe kabla ya harusi ili picha zipendeze, na huna lazima ya kumchukia pia.

Sasa wifi yako, na hapa naacha upole kidogo maana kuna mtu anaumia leo. Usimpigie tena mdogo wako kumfokea. Najua inatoka moyoni ila simu ikikatwa wewe uko mbali na yeye yuko ndani na mke wake, anaweza kumlipizia, umeenda kunisema kwa dada. Ile picha aliifuta, jiulize kwa nini, huenda simu yake inakaguliwa, kwa hiyo maneno haya msiyaandike kwenye meseji, tafuta kisingizio umuone uso kwa uso akiwa peke yake. Usimwambie ondoka. Kuondoka ni haki yake lakini kipindi cha kuondoka na mara baada ya hapo ndo mara nyingi hatari huwa kubwa zaidi, kinatakiwa kipangwe, aende wapi, na nani, nyaraka zake ziko wapi, na mtoto. Muulize anataka nini, umsikilize hata kama jibu halikupendezi, umwambie tu mlango wako uko wazi saa yoyote. Mama anasema usiingilie, lakini kuna kuingilia na kuna kuwa mtu ambaye anaweza kupigiwa simu usiku, hivyo viwili sio sawa.

Na hilo la mtoto huwa amelala, mwambie taratibu bila kumuongezea lawama. Watafiti wa Oregon mwaka 2013 walipima ubongo wa vichanga vya miezi 6 mpaka 12 vikiwa usingizini, wakavisikilizisha sauti ya mtu mwenye hasira, na ubongo ulikuwa unaitika, zaidi kwa wale ambao wazazi wao wanagombana sana. Huyu ana miaka 4, na wewe mwenyewe umemuona nyuma ya kochi. Kutolia kwake sio ushujaa, ameshajifunza kwamba kulia hakusaidii au kunaongeza. Watoto wa umri huo pia mara nyingi wanaamini wao ndo wamesababisha, nilimwaga maji ndo maana baba akampiga mama, kwa hiyo ukipata nafasi naye mwambie kwa maneno mafupi kwamba wakubwa wakigombana sio kosa lake na sio kazi yake kuwaamua. Urudie siku nyingine.

Usidharau hicho kidogo. Kule Kauai, kisiwa cha Hawaii, mtafiti Emmy Werner na wenzake waliwafuata watoto karibu 700 waliozaliwa mwaka 1955 mpaka wakawa watu wazima, na kati ya wale waliokulia kwenye mazingira magumu, kama theluthi moja walikua vizuri tu, watu wa kazi na wenye mahusiano mazuri, na kitu kilichokuwa kinajirudia kwenye maisha yao ni kuwa na angalau mtu mzima mmoja aliyewajali na kuwepo, sio lazima mzazi, bibi, mwalimu, shangazi. Wewe ni shangazi wa mtu. Mdogo wako alikuwa na wewe, lakini wewe ulikuwa mtoto, haikuwa kazi yako, na kama unajilaumu kwamba teboli hazikutosha naomba uache.

Ukikutana na wifi kuna swali moja usirudi nyumbani hujauliza, kama mume wake amewahi kumkaba shingo, hata mara moja, hata kama haikuacha alama. Likiwa ndiyo, msilichukulie kama vipigo vingine, kwa wanawake waliowahi kukabwa hatari ya kuja kuuawa na mtu huyo huyo inapanda sana, aonane na daktari na muanze kutafuta msaada wa watu wanaoshughulika na ukatili wa majumbani haraka, hata kabla hujamaliza ya kwako ya harusi. Afu niandikie.